Balbu za nyumbani: namna ya kuchagua ili Yaka isikumalize

Maswali ni yale yale. "LED ya wati 9 itatosha sebuleni?" "Enaji seva yangu imekufa hata mwaka haijamaliza, kwa nini?" "Niweke ya njano au nyeupe?" "Hizi za kuchaji zinakula Yaka?" Nimeyajibu vipande vipande hadi nimechoka, basi nimeyaweka yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kuanzia kuhesabu taa zako hadi kupanda ngazi.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya Uganda yenye umeme wa gridi wa volti 240 na mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Iwe ni muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, Kireka au nyumba ya vyumba vinne Arua, hatua hazibadiliki. Wewe wa sola, usiache onyo lililo kwenye Hatua ya 2.

Kwa mwenye haraka: nunua LED. Hilo limekwisha. Watu wanapopotelea ni pale pa kuchagua LED ipi, yenye mwangaza gani, na namna ya kumkwepa muuzaji wa feki.

Aina tatu utakazokuta dukani

Balbu ya kawaida, ile ya uzi. Umeme unapita kwenye uzi mwembamba wa tangsteni mpaka unawaka. Zaidi ya tisa ya kumi ya umeme huo hutoka kama joto, ndiyo maana ukiigusa inakuunguza. Hudumu kama saa 1,000.

Enaji seva, yaani mrija uliojikunja, wenyewe huita CFL. Inatumia karibu robo ya umeme wa balbu ya uzi, na kwenye boksi huandikwa saa 6,000 hadi 10,000. Ndani ina zebaki kidogo. Wengi walianza kuzijua mwaka 2007, serikali ilipozigawa bure kwa mamia ya maelfu. Kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kimeshuka, mitambo ya Jinja ikapungukiwa maji, na mgao wa umeme ukawa mkali. Zilifanya kazi yake. Sasa zinaondoka: nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuacha kutengeneza na kuingiza zile za kawaida za nyumbani ifikapo mwisho wa 2025. Ukikuta dukani rundo la enaji seva kwa bei ya kutupa, ujue muuzaji anamaliza stoki.

LED. Inatumia umeme mdogo kuliko zote, haina zebaki, inawaka papo hapo, na ikiwa nzuri hufika saa 15,000 au zaidi. Ikiwa feki, haimalizi hata msimu wa mvua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi na kalamu.
- Ujumbe wako wa mwisho wa tokeni ya Yaka. Usiufute.
- Balbu moja ya zamani kutoka kwenye kila aina ya holda uliyo nayo, hata kama imeungua. Utaenda nayo dukani.
- Simu yenye kamera.
- Ngazi au meza imara. Kiti cha plastiki hapana. Miguu yake hufunguka ukiwa juu.
- Tochi na kitambaa kikavu.

Hatua ya 1: Andika kila taa na saa zake

Zunguka nyumba. Kwa kila holda andika ni balbu ya aina gani, wati ngapi, na huwaka saa ngapi kwa siku. Kuwa mkweli kwenye saa. Taa ya chooni uliyoandikia nusu saa huenda inalala ikiwaka.

Anza na taa ya nje. Hapa kwetu tuko juu ya ikweta, usiku ni saa 12 Januari mpaka Desemba, na taa ya usalama huwaka muda wote huo. Balbu moja ya uzi ya wati 60 mlangoni inakula wati 60 mara saa 12, yaani wati-saa 720 kwa usiku mmoja. Uniti moja ya Yaka ni wati-saa 1,000, kwa hiyo kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 21.6. Balbu moja! Ukiweka LED ya wati 7 mahali pale pale, ni uniti 2.5 kwa mwezi.

Kama pesa ni ya balbu moja tu mwezi huu, basi anza na hiyo ya nje. Sebule itafuata, kisha jiko. Stoo unayoingia dakika tano kwa wiki unaweza kuiacha na balbu yake ya zamani mpaka iungue yenyewe, hakuna hasara ya maana.

Hatua ya 2: Jua holda yako na volti yako

Holda nyingi za nyumba zetu ni za pini: balbu ina vichwa viwili vidogo pembeni, unasukuma na kuzungusha kidogo inashika. Kwenye boksi huandikwa B22. Nyingine ni za skrubu, unazungusha kama kifuniko cha chupa: hizo ni E27. Taa za mapambo na za ukutani huwa na skrubu nyembamba zaidi, E14. Ndiyo maana nimesema beba balbu ya zamani. Kuna watu hurudi kutoka Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla ya Kampala, na boksi zima la E27 huku nyumba nzima ni pini.

Onyo: balbu za sola za volti 12 nyingi zina kitako kile kile cha B22 au E27. Inaingia kwenye holda ya ukutani bila shida yoyote, na ukiwasha swichi inapasuka au inatoa moshi. Soma maandishi kwenye kitako: "12V DC" ni ya sola tu; "220-240V AC" ni ya umeme wa gridi. Ukiwa na mifumo yote miwili nyumbani, funga kipande cha utepe mwekundu kwenye holda za sola ili hata mtoto ajue.

Mtaani kwenu umeme ukiwa unapanda na kushuka, tafuta LED iliyoandikwa masafa mapana, kama 175-265V au 100-265V. Hiyo itastahimili jioni umeme unaposhuka kila mtu anapowasha pasi.

Hatua ya 3: Nunua lumeni, usinunue wati

Hapa ndipo pana kazi, na ndipo wengi hukosea.

Wati ni umeme unaoliwa. Lumeni ni mwangaza unaoupata. Zamani tulizoea kupima mwangaza kwa wati kwa sababu balbu zote zilikuwa za aina moja. Sasa wati haikuambii kitu mpaka ujue ni balbu ya aina gani. Tumia makadirio haya:

- Balbu ya uzi ya wati 25: kama lumeni 220. LED ya wati 3.
- Ya wati 40: lumeni 400 hadi 450. LED ya wati 5.
- Ya wati 60: lumeni 700 hadi 800. LED ya wati 8 au 9. Enaji seva ya wati 13 hadi 15.
- Ya wati 100: lumeni 1,300 hadi 1,500. LED ya wati 13 hadi 15.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: ndiyo, LED ya wati 9 ni sawa na ile balbu ya wati 60 uliyokua nayo. Sebule ndogo inatosha. Sebule kubwa yenye kuta za rangi nzito itaomba mbili, na mbili ndogo kwenye pembe mbili ni bora kuliko moja kali katikati, maana vivuli vinapungua.

Chooni na kwenye korido, lumeni 400 zinatosha. Chumba cha kulala, 400 hadi 800. Jikoni usiende chini ya 800, unashika kisu pale. Mtoto anayesoma apewe taa yake karibu na daftari; LED ya wati 5 iliyo mezani inamsaidia kuliko ya wati 15 iliyo darini nyuma ya kichwa chake.

Kosa la kawaida: kuamini maneno makubwa kwenye boksi. LED za kawaida za madukani hutoa kama lumeni 80 hadi 110 kwa kila wati. Chukua lumeni zilizoandikwa, gawanya kwa wati. Boksi likikuambia wati 9 zinatoa lumeni 2,000, huyo ni mwongo, rudisha. Na boksi lisilo na lumeni kabisa, lenye herufi kubwa tu za "SUPER BRIGHT", lina sababu ya kuficha.

Hatua ya 4: Chagua rangi ya mwanga

Rangi hupimwa kwa kelvini, herufi K. 2700K hadi 3000K ni mwanga wa njano uliozoeleka kwenye balbu za uzi. 4000K ni mweupe wa kawaida. 6500K ni mweupe unaoelekea samawati, na huo ndio umejaa madukani kwetu. Watu huuchukua kwa kudhani ndio wenye nguvu zaidi. Si lazima, unaonekana mkali machoni tu. Angalia lumeni.

Maoni yangu: njano chumbani na sebuleni, nyeupe jikoni na mahali pa kusomea. Usiku chini ya 6500K sebule inakuwa kama chumba cha kusubiria daktari. Mkeo au mumeo akipenda nyeupe, mpe nyeupe, amani ya nyumba ina bei yake.

Nje, weka njano. Wadudu hufuata zaidi mwanga wa samawati na ule wa urujuani usioonekana na macho yetu. Wategaji wa senene wa Masaka wanalijua hilo vizuri. Taa zao kali nyeupe zinazomulika juu ya mabati msimu wa senene hazikuchaguliwa kwa bahati. Wewe hutaki senene, mbu na wale wadudu wa ziwani mlangoni kwako kila jioni, hasa ukikaa Entebbe au Jinja. LED ya 2700K haitawafukuza wote, ila utafagia kidogo asubuhi.

Kwa mwenye saluni au duka la nguo: tafuta pia namba ya Ra, 80 au zaidi. Chini ya hapo rangi zinadanganya, na mteja atarudi kulalamika akishaiona nguo yake juani.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya Yaka

Usiruke hatua hii. Ndiyo inayomfumba mdomo mume anayesema balbu za uzi ni rahisi.

Mteja wa nyumbani hulipa shilingi 250 kwa kila uniti kwa uniti 15 za kwanza za mwezi. Zikiisha, bei inaruka. Miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka kati ya shilingi 750 na 800 na kidogo, na mamlaka ya udhibiti, ERA, huitangaza upya kila robo mwaka. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, na ada ya huduma inayokatwa kwenye ununuzi wako wa kwanza wa mwezi. Daraja huhesabiwa kwa uniti unazonunua ndani ya mwezi.

Chukua nyumba yenye balbu tano, kila moja ikiwaka saa 5 kwa siku. Kwa hesabu rahisi tuseme uniti ya daraja la pili ni shilingi 800.

Kwa balbu za uzi za wati 60: 60 × 5 × 5 ni wati-saa 1,500 kwa siku, uniti 45 kwa mwezi. Uniti 15 za kwanza ni shilingi 3,750. Zilizobaki 30 ni shilingi 24,000. Jumla 27,750, na VAT inakuwa 32,745.

Kwa LED za wati 9: 9 × 5 × 5 ni wati-saa 225 kwa siku, uniti 6.75 kwa mwezi. Zote zimo ndani ya zile za shilingi 250. Ni shilingi 1,688, na VAT inakuwa kama 1,990.

Tofauti ni zaidi ya shilingi 30,000 kila mwezi. Hata ukinunua LED nzuri kwa shilingi 8,000 moja, tano ni 40,000, na mwezi wa pili hauishi kabla pesa yako haijarudi. Ukiwa na friji na pasi, zile uniti 15 za nafuu zinaliwa na vyombo hivyo, basi kila uniti ya taa unayookoa inatoka kwenye daraja la bei kubwa: uniti 38 na robo kwa shilingi 800, pamoja na VAT, ni kama 36,000.

Wapangaji mnaoshiriki Yaka moja, hili ni lenu hasa. Mwenye nyumba akigawa bili sawa kwa sawa, LED zako zinamlipia jirani mwenye balbu za uzi. Kubalianeni wote mbadilishe siku moja, au dai mita ndogo ya kila chumba. Kubadilisha peke yako na kunung'unika hakusaidii.

Hatua ya 6: Dukani

Nenda hadwea yenye duka la kudumu, utakaporudi na kumkuta mtu yule yule. Anayepita na sanduku kichwani kwenye foleni ya magari ana bei nzuri, lakini kesho hayupo.

Fanya haya kwa mpangilio:

1. Omba balbu iwashwe kwenye ubao wa kujaribia, na uiache iwake dakika tano huku unaangalia nyingine. Muuzaji mzoefu hakatai. Ukiambiwa "bosi, hizi zote ni moja", shukuru na uondoke.

2. Ikiwaka, ielekeze kamera ya simu kwa karibu. Mistari myeusi mizito inayotembea kwenye skrini ina maana mwanga unapepesa haraka kuliko jicho linavyoona. Mistari hafifu unaweza kuivumilia. Mizito itakuletea maumivu ya kichwa ukiwa unasoma.

3. Izime, isugue maandishi ya kwenye kitako kwa kidole gumba chenye unyevu. Maandishi ya kiwanda cha maana yanabaki. Ya feki hufutika na kukuachia wino kidoleni, na huo wino ni jibu tosha.

4. Ipime kwa mkono. LED ya wati 9 yenye kipoza joto cha kweli ina uzito fulani. Ile nyepesi kama ganda tupu la yai haina chuma cha kutolea joto ndani, na joto ndilo linaloua LED.

5. Tikisa kidogo sikioni. Kitu kikicheza ndani, rudisha.

6. Tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na anwani ya mtengenezaji kwenye boksi. Alama nayo hughushiwa, kwa hiyo isikufanye uruke majaribio ya juu.

7. Dai risiti yenye tarehe, na uandikiwe garantii kwa kalamu juu ya boksi. Wauzaji wengi hutoa mwaka mmoja au miwili, lakini bila boksi na risiti hakuna wa kukusikiliza.

Nunua moja kwanza. Iweke wiki mbili mahali panapowaka sana, kisha rudi kuchukua zilizobaki. Najua nauli ya boda inauma, ila inauma kidogo kuliko balbu tano mbovu.

Hatua ya 7: Kuweka

1. Zima swichi ya taa, kisha zima meni swichi. Kuna nyumba nyingi ambazo fundi aliweka swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta). Taa inazimika lakini holda bado ina umeme wa kukurusha chini.

2. Balbu ya uzi iliyokuwa ikiwaka, ipe dakika kumi ipoe.

3. Ya pini: sukuma juu, zungusha kinyume cha saa, iteremshe. Ya skrubu: zungusha kinyume cha saa tu.

4. Mulika holda kwa tochi. Ukiona weusi wa kuungua, plastiki iliyopasuka au vibanzi vya shaba vilivyolala, badilisha holda kwanza. Holda mbovu inaua balbu yoyote utakayoweka.

5. Shika LED kwenye kitako, usishike kuba lake. Kuba nyingi zimegundishwa tu na hutoka mkononi. Enaji seva nayo, kamwe usiizungushe kwa kushika mrija.

6. Rudisha meni swichi, washa.

Onyo: usifunge LED ya kawaida ndani ya globu la kioo lililozibwa pande zote. Joto halina pa kutokea na maisha yake yanakatika. Tafuta iliyoandikwa kwamba inafaa taa zilizofungwa, au tumia ya wati ndogo. Kwa nje mahali mvua inafika, weka taa yenye alama ya IP65, siyo balbu ya chumbani iliyovishwa kaveera, mfuko wa plastiki.

Hatua ya 8: Thibitisha kwa mita

Hii hupendwa sana na wanaopenda kushindana na muuzaji. Mita yako ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa idadi ya mapigo kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Chomoa kila kitu, zima taa zote, acha balbu moja tu. Pima muda kati ya pigo moja na jingine.

Kwenye mita ya 1000, balbu ya wati 60 hupiga mara moja kila dakika. LED ya wati 9 huchukua karibu dakika 6 na sekunde 40. Ukinunua LED "ya wati 18", pigo linatakiwa kuja kila dakika 3 na sekunde 20. Likija baada ya dakika 6, umeuziwa wati 10 kwa bei ya 18. Chukua risiti yako, rudi dukani.

Mahali ambapo balbu ya uzi bado ina kazi

Vifaranga. Anayelea vifaranga kwenye boksi kwa balbu ya uzi anataka lile lile joto tunalolikimbia sebuleni. Ukimwekea LED, vifaranga watajikusanya pembeni na kufa kwa baridi usiku huku taa inawaka vizuri kabisa. Bakisha balbu za uzi kwa kazi hiyo, au nunua balbu maalumu ya joto. Mbali na maranda, tafadhali, na ining'inizwe kwa mnyororo, siyo kwa waya wake.

Ndani ya oveni pia weka ya uzi iliyotengenezwa kwa oveni. Na kama una dima ya kupunguza mwanga, balbu ya uzi inaelewana nayo bila maswali. LED lazima iwe imeandikwa inakubali dima.

Balbu za kuchaji

Zile zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika. Ni LED yenye betri ndogo ndani. Nazipenda kwa sebule na jikoni, lakini zijue tabia zake. Inachaji tu wakati umeme upo na swichi imewashwa, kwa hiyo ukiiweka chumba usichowasha, siku ya giza utaikuta haina kitu. Ikiwa kwenye betri mwanga wake hupungua sana, na saa zilizoandikwa kwenye boksi ni za balbu mpya. Betri huchoka kabla ya LED yenyewe. Wati zinazoliwa huongezeka kidogo inapochaji, si za kukutisha. Ziwe moja au mbili nyumba nzima. Nyingine zote ziwe LED za kawaida.

Ikileta shida

*LED inatoa mwanga hafifu hata ukizima.* Mara nyingi swichi ina kitaa kidogo ndani yake, au imewekwa kwenye nyutro, au waya mrefu unavujisha umeme kidogo. Kwa kawaida haikuunguzii nyumba, ila swichi iliyo kwenye nyutro ni hatari kwa anayebadilisha balbu. Mwite fundi aihamishie kwenye laivu.

*Inapepesa jioni tu.* Umeme umeshuka kwa sababu mtaa mzima unapika. Weka LED ya masafa mapana. Ikiwa inapepesa saa zote, jaribu balbu hiyo kwenye holda nyingine: ikitulia, tatizo ni holda au swichi, isipotulia, tatizo ni balbu.

*Enaji seva inachelewa kung'aa.* Ndivyo ilivyo, inahitaji dakika moja au zaidi. Ikiwa mrija umeingia weusi kwenye ncha, imezeeka.

*Enaji seva imepasuka.* Toa watoto, fungua madirisha, subiri kama dakika 15. Okota vipande kwa karatasi ngumu, nasa unga kwa utepe wa kunata, weka vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Usifagie kwa ufagio, utaitawanya zebaki. Zilizoungua bila kupasuka usizitupe kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba.

*Redio inakoroma taa ikiwaka.* LED ya bei ya chini isiyo na kichujio. Sogeza redio au badilisha balbu.

*Balbu moja inakufa kila mara mahali pale pale.* Holda. Au globu lililozibwa.

*Balbu zinakufa nyumba nzima, na taa nyingine zinang'aa kupita kawaida huku nyingine zikififia.* Usinunue balbu nyingine. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea, kwenye boksi la mita au kwenye nguzo, na volti inaweza kuwa inapanda kupita ile ambayo TV na friji zinastahimili. Zima meni swichi saa hiyo hiyo, chomoa vyombo, na uwaite wenye laini yako. Kwa wengi waliokuwa chini ya kampuni ya Umeme, tangu Aprili 2025 hao ni UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Andika namba ya taarifa watakayokupa. Usiwashe mpaka mtu apande nguzo na kupima.